Uwanja wa AFCON ni wa kutazama. Wa kuchezea je?

Tangu Septemba 2023, CAF ilipozipa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa AFCON ya 2027, na hasa baada ya mkataba wa ujenzi wa uwanja wa Olmoti kusainiwa Machi 2024, kila mkazi wa Arusha amegeuka mtaalamu wa viwanja. Panda Hiace yoyote inayotoka mjini kwenda Kwa Mrombo utasikia hoja tatu kabla hujafika. Abiria mmoja anasema afadhali, watoto sasa watapata pa kuchezea. Wa pili anahoji kwa nini Jiji halikukarabati tu uwanja wake wa Sheikh Amri Abeid, maana uko katikati ya mji na kila mtu anaujua. Wa tatu hataki kusikia habari za mpira: Jiji linamwaga hela kwenye viwanja huku barabara ya kwake ikigeuka mto kila masika.

Wote watatu wana haki ya kusema, ila kila mmoja anabisha hodi kwenye nyumba isiyo yake. Uwanja wa Olmoti ni mradi wa Serikali Kuu kupitia wizara yenye dhamana ya michezo. Hela yake haikutoka kwenye fungu ambalo Jiji lingezibia mashimo. Sheikh Amri Abeid nao si wa Jiji, ni mali ya Chama Cha Mapinduzi. Na watoto wa yule abiria wa kwanza hawakufikiriwa sana katika ujenzi wa uwanja wowote kati ya hiyo miwili. Wanachokihitaji ni kitu cha tatu, kituo cha michezo cha halmashauri, na ndicho kinachozungumzwa kidogo kuliko vyote.

Uwanja mkubwa, kama huo wa Olmoti au Benjamin Mkapa kule Dar es Salaam, hujengwa kwa kuhesabu watazamaji. Ndiyo maana habari ya kwanza unayoambiwa ni ya viti: Olmoti 30,000, Mkapa 60,000. Wachezaji hawatajwi kwa sababu idadi yao inajulikana, 22 na wa akiba. Kituo cha michezo hujengwa kwa kuhesabu wachezaji. Kina viwanja vya michezo tofauti ndani ya uzio mmoja, kina ratiba, kina wafanyakazi, kinafunguliwa kila siku, na anayeingia ni mkazi wa kawaida aliyekuja kutoka jasho mwenyewe. Jukwaa likiwepo ni ngazi nne au tano za zege za kukalia wazazi na wapambe.

Ukiambiwa kituo ni "cha halmashauri", maana yake ni nani wa kuulizwa. Arusha ni jiji na Moshi ni manispaa, lakini zote mbili ni mamlaka za miji chini ya sheria ya mwaka 1982, zenye baraza la madiwani, mkurugenzi, bajeti na ardhi yake. Kituo kikiwa mali ya halmashauri, unaweza kumsimamisha diwani wako na kumuuliza kwa nini choo kina kufuli tangu Pasaka. Kikiwa cha chama, cha chuo, cha taasisi ya dini au cha mtu binafsi, diwani hana jibu la kukupa, hata kama geti liko wazi na watoto wanaingia kila siku kwa hisani ya mwenyewe.

Fikiria ukumbi wa harusi na jiko la nyumbani. Ukumbi unapendeza, unalisha watu mia tano kwa usiku mmoja, na mji usio na ukumbi unaaibika wageni wakija. Sina ugomvi na Olmoti kwa sababu hiyo hiyo. Ila ukoo uliojenga ukumbi ukasahau jiko, Jumatatu utalala njaa.

Nani mwenye ufunguo

Suala la umiliki linawachanganya watu wengi, na si kosa lao. Viwanja vikubwa vya mikoani, Kirumba cha Mwanza, Sokoine cha Mbeya, Ali Hassan Mwinyi cha Tabora, Kambarage cha Shinyanga na hicho chetu cha Sheikh Amri Abeid, ni zao la enzi za chama kimoja. Wakati huo mpaka kati ya chama na serikali haukuonekana kirahisi, na wananchi walichangia nguvu zao na fedha zao. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, viwanja vikabaki kwa CCM. Mjadala kama hilo lilikuwa sawa haujaisha na hautaisha leo. Kwa makala hii inatosha kujua kwamba halmashauri haiwezi kupanga ratiba ya kiwanja kisicho chake, wala kutia hela ya umma pale bila makubaliano na mwenye mali.

Kuna kichekesho kidogo hapa. Sheikh Kaluta Amri Abeid, ambaye uwanja umepewa jina lake, alikuwa mshairi na waziri, lakini kabla ya uwaziri alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Kwa hiyo Arusha ina uwanja wenye jina la meya, na Meya wa Arusha hana ufunguo wake.

Moshi wana mkanganyiko wao. Uwanja wa Ushirika, ambako wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon huanzia na kumalizia kila mwaka, unafunguliwa kwa watu wengi kiasi kwamba wageni hudhani ni wa Manispaa. Uko mikononi mwa Chuo Kikuu cha Ushirika. Mwanza ndiko unakoweza kuiona tofauti kwa macho: Kirumba ni cha chama, Nyamagana ni cha Halmashauri ya Jiji na kina nyasi bandia. Mji mmoja, viwanja viwili, anwani mbili tofauti za kupeleka malalamiko. Na kama unataka kuona michezo mingi ndani ya uzio mmoja, pita Kidongo Chekundu, Dar es Salaam, hatua chache kutoka Kariakoo. JMK Park, iliyofunguliwa 2015 kwa ushirikiano wa kampuni ya umeme ya Symbion na klabu ya Sunderland ya Uingereza, ina viwanja vya soka, vya kikapu na vya magongo pamoja.

Eneo lile lile, hesabu tofauti

Sasa tushike futi kamba. Kiwanja cha soka cha kimataifa kina urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Cha kikapu kina mita 28 kwa 15. Ukiongeza mita mbili kila upande ili mtu asijigonge ukutani, unapata 32 kwa 19. Panga vya kikapu vitano kwa kufuata upande wa mita 105, umetumia 95. Weka safu mbili kwa upande wa mita 68, umetumia 64. Vimeingia kumi. Kwa saa moja, eneo lililokuwa linachezesha watu 22 linachezesha 100. Fanya hivyo hivyo kwa mpira wa wavu, ambao kiwanja chake ni mita 18 kwa 9 na nafasi ya mita tatu kila upande, utapata viwanja 16 na wachezaji 192.

Sisemi tung'oe magoli. Atakayethubutu kufanya hivyo Ngarenaro au Unga Limited aage kwao kwanza. Lakini hesabu hiyo inaonyesha kwa nini kauli ya "tuna kiwanja cha mpira, michezo ipo" haijitoshelezi. Kiwanja kimoja cha soka ndicho kinachokula ardhi kuliko vyote na kuchezesha wachache kuliko vyote. Mafundi wa vituo vya aina hii hukimbilia njia ya kati: kiwanja kimoja cha soka kama ardhi inaruhusu, na pembeni yake zege moja laini la mita 40 kwa 20 na pa kupumulia kidogo kuizunguka. Zege hilo linapigwa mistari ya rangi nne. Nyeupe ni mpira wa mikono, ambao unachukua zege lote. Njano ni netiboli, nyekundu ni kikapu, bluu ni wavu. Nguzo za wavu zinachomolewa na kuwekwa stoo. Mvua ya masika ikiacha kunyesha saa nane, ufagio wa chelewa ukapita, saa kumi watu wanacheza, wakati kiwanja cha udongo cha jirani kitakuwa tope hadi keshokutwa.

Watoto wenyewe walishatuzidi kwa hili. Kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na za sekondari, wanashindana riadha, netiboli, wavu, kikapu na mpira wa mikono. Mtoto anachaguliwa, anapiga kambi, anasafiri kuwakilisha mkoa, anarudi mtaani kwao Sombetini na medali shingoni, kisha anakosa hata nguzo moja ya kurushia mpira mpaka msimu ujao.

Jumanne moja ya mfano

Kituo ni ratiba zaidi ya kilivyo zege. Chukua Jumanne ya kawaida katika kituo kinachoendeshwa vizuri, tuifuate saa kwa saa.

Saa 12 asubuhi wanaingia klabu za jogging, na nyuma yao wazee wawili watatu walioambiwa na daktari presha imepanda, watembee. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Mzee wa Levolosi anaweza kutembea barabarani, ndiyo, ila atatembea akikwepa bodaboda, na bajaji itampigia honi kila hatua. Njia ya kuzunguka kiwanja haina gharama yoyote ya maana na ndiyo inayotumiwa na watu wa rika nyingi kuliko kitu kingine chochote kituoni.

Saa 3 hadi saa 6 ni ya shule za jirani ambazo viwanja vyake vimemezwa na madarasa mapya. Mchana jua likiwaka hakuna wachezaji, na hapo ndipo kazi isiyoonekana inafanyika: mtunza kiwanja anamwagilia, anafunga tena wavu uliochanika kwa kamba ya katani, anachora mistari kwa chokaa, anachota maji ya kuoshea vyoo. Mtu huyu mmoja, akilipwa kwa wakati, ana thamani kuliko jukwaa.

Saa 10 watoto wanamiminika. Na hapa ratiba inaamua haki. Pasipo na ratiba, vijana wa kiume wenye nguvu ndio wanaobaki na zege hadi giza. Wasichana watasimama pembeni dakika ishirini, kisha wataondoka, na mwaka unaofuata afisa mmoja ataandika kwamba wasichana hawana mwamko wa michezo. Kituo makini kinaandika ukutani: Jumanne na Alhamisi, saa 10 hadi 12, zege ni la netiboli. Kinahakikisha pia chumba cha kubadilishia nguo kina mlango unaofunga kwa ndani na kwamba mazoezi yanaisha wakati msichana bado anaweza kufika nyumbani kukiwa na mwanga. Kwa wenye ulemavu mambo ni rahisi zaidi ya tunavyodhani: njia ya mteremko badala ya ngazi, na choo ambacho kiti mwendo kinaingia. Tembo Warriors, timu yetu ya taifa ya soka ya wenye ulemavu wa viungo, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022. Hawakufika huko kwa kuangalia.

Saa 1 usiku taa zinawashwa. Wanaingia maveterani, wafanyakazi wa benki, mafundi wa gereji, wauza maduka waliofunga. Hawa wanalipa.

Kwa nini ulipe kitu cha umma

Malipo ndiyo yanayozua kelele kuliko yote. "Ni mali ya umma, tumeshalipa kodi, iweje tulipishwe tena?" Swali ni halali na jibu lake liko kwenye ile Jumanne. Kujenga ni mara moja, kuendesha ni kila mwezi. Fedha ya kujenga mara nyingi hutoka nje ya halmashauri: ruzuku ya Serikali Kuu, mradi wa mkopo, au mfadhili. Fedha ya kuendesha hutoka kwenye mapato ya ndani, yale yale yanayogombewa na uzoaji taka, madawati na dawa za zahanati. Baraza likikaa kukata bajeti, hakuna diwani atakayesimama kutetea bili ya maji ya kiwanja mbele ya wodi ya wazazi. Kwa hiyo kituo kisicho na chanzo chake cha hela kinakufa kimyakimya: kwanza balbu, halafu choo, halafu mlinzi, halafu uzio unaanza kuuzwa kwa kilo.

Kinachofanya kazi ni watumiaji kusaidiana bila kutambuana. Maveterani wa saa 1 usiku wanalipia taa na zaidi ya taa. Kampuni inayofanya bonanza Jumamosi inalipa zaidi yao. Mama lishe na muuza maji wanalipa kodi ndogo ya kibanda. Jumla hiyo inabeba saa za watoto, za wazee na za shule, ambazo zinabaki bure. Kwa hiyo swali la kuuliza kituoni ni saa ngapi kwa wiki ambazo asiye na senti anaruhusiwa kucheza, na kama saa hizo ni zile ambazo watu wanaweza kuja kweli. Ukiambiwa bure ni saa 7 mchana, hapo umepigwa changa la macho.

Swali la pili ni hela inapitia wapi. Malipo ya serikali siku hizi yana kontrol namba. Mlinzi akikwambia "we nipe tu mkononi, nitakuandikia," kituo hakitaona shilingi hiyo, na mwisho wa mwaka taarifa itasema wakazi hawakitumii.

Wengine husikia neno ubia wakadhani kiwanja kimeuzwa. Ubia ni mkataba: mali inabaki ya halmashauri, mwekezaji anajenga au anaendesha kwa miaka iliyokubaliwa na kurudisha chake kupitia ada. Unaweza kuwa mzuri au wizi wa mchana kutegemea vifungu vitatu tu: saa za wakazi zilizoandikwa, nani anatengeneza kikiharibika, na mwaka gani mkataba unakwisha. Vifungu hivyo visiposomwa hadharani kwenye baraza, hofu ya watu ina msingi.

Tusidanganyane pia kuhusu gharama za ukubwa. Cape Town walijenga uwanja wa kifahari kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2010, mali ya jiji, na kwa miaka mingi baadaye jiji lilikuwa linaongezea hela ili ujiendeshe. Na ule mji si maskini.

Nyasi bandia, bwawa na ndoto nyingine

Kila kikao cha kupanga kituo huwa na mtu anayesimama kusema tuweke nyasi bandia, hazina matunzo. Zina faida kubwa katika mji wenye mvua za masika na vuli kama wetu, kwa sababu zinachezewa asubuhi hadi usiku bila kugeuka tope wala vumbi. Lakini matunzo zinayo. Zinapigwa brashi, chembe za mpira zinaongezwa, na kwa kawaida baada ya miaka kumi hivi zulia lote linabadilishwa, mara nyingi hata kabla. Asiyeanza kuweka akiba mwaka wa kwanza, mwaka wa kumi atakuwa na zulia lenye matundu. Na jua la Moshi mwezi wa pili linazichemsha kiasi kwamba mtoto wa peku hawezi kukanyaga.

Bwawa la kuogelea ni ndoto tamu zaidi. Dogo kabisa la kufaa mashindano ya ndani lina urefu wa mita 25. Tuseme upana ni mita 12.5 na kina cha wastani mita 1.5. Hiyo ni lita 468,750, sawa na maboza 47 ya lita 10,000 kulijaza tu. Halafu kuna dawa, mashine ya kuchuja inayokula umeme bila kupumzika, na waokoaji wawili wanaolipwa hata siku ambayo hakuna aliyeingia. Katika mji ambao kuna mitaa inasubiri mgawo wa maji usiku, ningeanza bila bwawa, na atakayenizomea anizomee.

Je, kitaondoa vijana vijiweni?

Viongozi wanapozindua kiwanja chochote hutoa ahadi hiyo. Ushahidi maarufu zaidi duniani unatoka Iceland, kisiwa cha baridi kali ambacho mwaka 1998 kilikuwa na tatizo la aibu: asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walikiri kulewa ndani ya mwezi uliopita. Kufikia 2016 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 5. Walijenga na kufadhili michezo na sanaa kwa kiwango kikubwa, na jiji la Reykjavik likawa linatoa fungu maalumu kwa kila familia kulipia shughuli za mtoto.

Wanaonukuu habari hiyo huishia hapo, na wanaacha nusu ya pili. Iceland iliweka pia sheria za muda wa watoto kuwa nje usiku, ilibana uuzaji wa pombe na sigara, na wazazi walijiunga kupitia shule. Jambo jingine: kilichosaidia ni michezo yenye mwalimu, ratiba na wenzako wanaokungoja saa hiyo hiyo. Kukusanya vijana mahali bila msimamizi hakukuwa na faida hiyo. Hiyo ndiyo hali ya viwanja vyetu vingi vya wazi: geti halipo, kocha hayupo, na ukuta wa nyuma unajulikana na polisi. Kwa maneno mengine, ukipewa uchague kati ya zege la pili na mshahara wa makocha wawili, chagua makocha.

Ahadi ya pili ni ya kutoa mabingwa. Ukanda huu umetoa mabingwa bila vituo vya aina hii. Filbert Bayi wa Karatu alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, dakika 3 na sekunde 32.2. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida ambaye amefanya mazoezi Arusha kwa miaka, alichukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo, Septemba 2025, akimshinda Mjerumani kwa sekunde 0.03. Wanariadha wetu wanakimbia kandokando ya barabara na kwenye miteremko ya Meru, na wataendelea. Mji wetu una watu zaidi ya 600,000 kwa sensa ya 2022, na kituo cha halmashauri kinawajibika kwa wale ambao hawatashinda chochote: fundi cherehani mwenye maumivu ya mgongo, binti wa darasa la sita anayependa kudaka, mstaafu mwenye kisukari.

Ardhi kwanza

Sehemu inayosahaulika ndiyo ya mwanzo. Maeneo ya wazi kwenye ramani za mipango miji yapo, lakini ramani haizuii msumari. Kwanza inakuja meza ya muuza chipsi, ambaye simlaumu, anatafuta riziki. Halafu kontena. Halafu msingi. Eneo lisilopimwa, lisilo na hati kwa jina la halmashauri wala alama za mipaka, litaliwa hata kama kila mzee wa mtaa anakumbuka alichezea hapo. Kwa hiyo ukisikia mtaani kwenu kuna mpango wa kituo cha michezo, usianze na michoro ya rangi. Uliza hati iko wapi.

Na kama ardhi haipo, kama ilivyo Kaloleni au Daraja Mbili ambako nyumba zimeshonana, bado kuna mlango. Shule za msingi za serikali ziko chini ya halmashauri hiyo hiyo, zina viwanja, na saa 11 jioni nyingi zimefungwa. Kuzifungua kwa utaratibu ni bei rahisi kuliko kujenga chochote: mlinzi wa saa tatu za ziada, taa mbili, makubaliano ya nani analipa dirisha likivunjika. Barua inaandikwa na klabu au kikundi chenye viongozi wanaojulikana, inapitia kwa mwenyekiti wa mtaa, inafika kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, nakala kwa afisa michezo wa halmashauri. Kikundi kinachotaka kushindana rasmi kitapaswa pia kusajiliwa chini ya Baraza la Michezo la Taifa, chombo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967.

Kinachohitaji fedha, hata kama ni zege moja, kianze mapema. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai, lakini kufikia wakati huo kila shilingi imeshapangiwa kazi. Mapendekezo hutoka kwenye mikutano ya mitaa, yanachujwa kwenye kamati ya maendeleo ya kata, ndipo yanafika kwa wataalamu wa halmashauri na baraza. Anayekuja na wazo lake mwezi wa tano ataambiwa subiri mwakani, na ataambiwa ukweli. Anayelipeleka kabla ya Krismasi, lenye namba ya kiwanja, vipimo na jina la atakayekuwa anashika ufunguo, anampa diwani wake kitu cha kusimamia.